Waombaji Sita wa Kliniki ya Orlin

Miaka kumi na tisa niliketi dirishani kwa Daktari Galen Stuhr, pale Orlin, kusini mwa Nebraska, nikipokea simu na kupanga miadi ya watu wa meno. Jina langu ni Darla Wiese. Habari hii nimeshaisimulia mara nyingi, na kila mara nimejipendelea. Safari hii nitajizuia.

Tulikuwa wanne. Daktari mwenyewe alikuwa na miaka sitini na ushei, mtu mrefu, mwenye mikono myepesi na ulimi mzito. Marvene Kucera alikuwa msafishaji wa meno mwenye leseni ya jimbo. Kazi yake kukwangua ugaga na kuchunguza fizi. Yesenia Barraza alikuwa msaidizi. Alisimama upande wa pili wa kiti, akafyonza mate, akampa daktari vifaa, akapiga picha za eksirei, na jioni akaviosha vyombo vyote na kuvitia kwenye mashine ya mvuke. Wa nne ndiye mimi. Zamani tulikuwa na wasafishaji watatu. Wawili waliondoka mmoja nyuma ya mwenzake, na viti vyao vikafunikwa nailoni kama samani za marehemu.

Januari ya mwaka huo ilitoka ripoti ya jimbo juu ya ajira katika kliniki za meno. Daktari aliikata gazetini akaibandika ukutani, juu ya mtungi wa kahawa. Ilisema kliniki zinatafuta wasafishaji kila pembe ya jimbo, na hali ni mbaya zaidi huku kwetu mashambani. Wanaosomea ni wachache, na wanaoiacha kazi ni wengi kuliko wanaoingia. Chini yake daktari aliandika kwa kalamu nyekundu: "Mnaona sasa? Si mimi."

Wiki ile ile tukasikia kuna muswada umepelekwa Lincoln, kwenye bunge la jimbo. Ukipita, msaidizi atakayesoma kozi ya wiki chache ataruhusiwa kukwangua ugaga ulio juu ya fizi, kazi ambayo hadi siku hiyo ilikuwa ya akina Marvene peke yao. Daktari alifurahi waziwazi. Yesenia alifurahi kimyakimya. Marvene alisoma habari ile akiwa amesimama, akaikunja karatasi mara nne, akaitupa kwenye pipa la glavu chafu.

Kuanzia hapo ndani ya kliniki kukawa hakukaliki. Marvene alinunua kufuli dogo akafunga droo ya vifaa vyake. Yesenia naye akagoma kumpigia picha za wagonjwa wake mpaka aandikiwe kwenye karatasi. Tulikuwa na desturi ya kula pamoja siku za Jumatano, supu ya maharage na nyama yenye pilipili, na mkate wa mdalasini kando, kama shule za Nebraska zilivyotuzoesha. Jumatano ya kwanza Marvene alikwenda kula ndani ya gari lake, injini ikinguruma, theluji ikimwangukia kiooni. Jumatano ya pili hakuna aliyepika.

Walikabiliana siku moja tu, kwenye chumba cha kuoshea vyombo. Mlango ulikuwa wazi na nilisikia kila neno.

"Wiki chache za kozi," Marvene alisema, "halafu uingie kinywani mwa mtu na chuma. Mimi nilisoma miaka mitatu."

"Na mimi nimesimama hapa miaka kumi na miwili nikikutazama. Kama sikujifunza kitu, basi hukuwa na cha kufundisha."

"Kukaa jikoni si kujua kupika."

"Ungekuwa na imani na mikono yako usingeitia kufuli."

Marvene hakukasirika kama nilivyotegemea. Sauti yake ilishuka. "Naogopa, ndiyo. Siku wakiweza kukutumia wewe kwa nusu ya mshahara wangu, unadhani mimi watanibakiza kwa uzuri wa macho yangu?"

"Kwa hiyo mimi nibaki chini, ili wewe ubaki juu."

Daktari alikuwa amefika mlangoni, amekunja mikono, uso wake kama wa mtu anayetazama majogoo wakipigana. "Mkimaliza kuchinjana," akasema, "kuna mzee kiti cha kwanza amefungua kinywa tangu saa nne."

Daktari aliamua kwenda kutoa ushahidi mbele ya kamati ya bunge, na barua yake nikaipiga chapa mimi. Alisimama nyuma ya kiti changu akaisoma kwa sauti: kwamba kwa miezi kumi na minne tumetangaza nafasi, na hakuna hata mtu mmoja mwenye sifa aliyeomba. Vidole vyangu vikasimama.

"Daktari, wapo walioomba."

"Wenye sifa, Darla. Sikiliza vizuri. Andika: wenye sifa."

Nikaandika. Aliporudi kuisoma mara ya pili, alichukua kalamu akayafuta yale maneno mawili. Alisema sentensi imekuwa ndefu mno.

Waombaji walikuwa sita, na wote sita walikuwa na leseni. Karatasi zao zilikuwa kwenye droo ya chini ya meza yangu. Mmoja alitaka kufanya kazi siku nne kwa wiki kwa sababu ya mtoto. Daktari akasema hataki mtu nusu. Mwingine leseni yake ilikuwa ya Colorado, bado ikihamishwa. Daktari akasema yeye hasubiri mtu. Watatu niliamriwa nisiwapigie simu kabisa, kwa kuwa waliuliza kwenye barua zao ni kwa nini wale wa kwanza waliondoka. Wa sita aliitwa Coralie Jurgens, mwanamke wa Kearney, akaja kujaribiwa Ijumaa moja, siku ambayo Marvene na Yesenia hawaji. Kulikuwa na mzee anayetoka damu kwenye fizi, na Coralie akaomba aongezewe dakika kumi. Daktari akachukua kioo kidogo cha kuchunguzia meno kutoka kwenye sinia lake akakirusha. Kilimpita karibu na sikio kikavunjikia kwenye sinki. Coralie alimmalizia mzee yule bila haraka, akavua koti la kazi, akalikunja, akaliweka mezani kwangu, akatoka. Mimi nikafagia vipande. Hilo ndilo nililofanya siku ile: nilifagia.

Wiki moja kabla ya safari, Yesenia alikuja dirishani na daftari lake. Naye alikuwa amekubali kusema mbele ya kamati, na alikuwa akiyaandika maneno yake kwa mwandiko wa duara, akifuta na kuandika tena.

"Darla, mama, ni kweli hakuna aliyeomba hata mmoja? Nataka niliseme kwa kinywa changu, nisije nikaaibika mbele za watu."

"Ndivyo daktari alivyoandika," nikamwambia.

Nililiona jibu la busara. Sikuwa nimesema uongo. Yesenia akashukuru, akaandika.

Siku ya kusikilizwa, daktari alitaka niwaendeshe mimi, kwa sababu barabara ilikuwa na barafu na yeye macho yake hayapendi weupe wa theluji. Gari langu, basi. Yeye alikaa nyuma, Yesenia mbele. Marvene, aliyekuwa akienda kupinga, alitangulia na gari lake. Tulikuwa hatujafika nusu ya njia daktari alipoanza kumwambia Yesenia mipango yake, akiongea juu ya kichwa changu kana kwamba mimi ni usukani. Muswada ukipita, Yesenia atapewa kiti cha pili. Marvene ataona mwenyewe mlango uko wapi. "Kisha tuangalie lile dirisha," akasema. "Siku hizi kuna kampuni zinapokea simu zako zote kwa mashine. Hazinywi kahawa, hazinung'uniki." Yesenia alinitupia jicho, akageuka kutazama nje.

Naitaja safari hiyo kwa sababu watu huniuliza kama ni dhamiri iliyonisimamisha siku ile. Ningependa iwe dhamiri. Lakini nilipoingia kwenye jengo lile nilikuwa nimeshachemka, na aliyenichemsha ni mtu aliyekaa kiti changu cha nyuma.

Chumba cha kamati kilikuwa kimejaa madaktari wa meno upande mmoja na wasafishaji upande wa pili, kama harusi ya familia mbili zisizopatana. Kila mtu alipewa dakika tatu. Mezani kulikuwa na taa: kijani uendelee, njano umalize, nyekundu unyamaze. Kwanza walisema wanaounga mkono. Daktari Stuhr alisema vizuri, kwa upole nisiowahi kuusikia kliniki. Alisema habari ya wakulima wanaosubiri nusu mwaka kusafishwa meno. Hilo lilikuwa kweli. Seneta mmoja mwanamke, miwani ikiwa imepanda utosini, akamuuliza ni wangapi walioomba zile nafasi zake.

"Hakuna, mheshimiwa."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Kisha Yesenia. Alivaa blauzi ya samawati iliyopigwa pasi mpaka mikono ikasimama. Alisema mama yake amekata nyama kiwandani Lexington miaka ishirini, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kwao kufanya kazi ameketi. Watu wakacheka kwa wema, kwa sababu msaidizi haketi kamwe. Alisema hajidai kuwa sawa na waliosoma. Anaomba ngazi moja tu, kwa kuwa chuo cha karibu kiko mbali na watoto wake ni wadogo. Mwishoni akasema: "Nimeviona kwa macho yangu viti viwili vitupu kwa miezi kumi na minne, na hakuna aliyekuja kuviomba." Aliporudi kukaa, daktari mmoja asiyemjua alimshika bega.

Marvene alisema upande wa wapinzani, akasema vibaya. Hasira ilimtangulia. Alisema kumpa msaidizi chuma cha kukwangulia ni sawa na kumpa mhudumu wa hoteli kisu cha upasuaji. Nyuma yangu mtu akaguna kwa kejeli. Yesenia alitazama sakafu. Marvene alikuwa na hoja nzuri juu ya ugonjwa wa fizi unaojificha chini, pale ambapo msaidizi hataruhusiwa kutazama, lakini taa nyekundu iliwaka kabla hajaifikia. Akasimama pale kinywa wazi, kama mmoja wa wagonjwa wake.

Mwenyekiti akauliza kama kuna mtu wa kusema ambaye hayuko upande wowote. Ni swali la desturi. Mara nyingi hakuna. Alikuwa ameshaanza kukusanya karatasi zake niliposimama.

Walinitaka nitaje jina langu na niliandike herufi kwa herufi, nami nikafanya hivyo. Nikasema: "Barua ya Daktari Stuhr niliipiga chapa mimi, na nilipoipiga nilijua si kweli. Walioomba walikuwa sita. Wote wana leseni. Karatasi zao ninazo kwenye droo."

Yule seneta akashusha miwani machoni. Akauliza kwa nini basi hawakuajiriwa.

"Mmoja alirushiwa kioo, mheshimiwa. Nilifagia vipande mwenyewe. Wengine hawakupigiwa simu. Niliambiwa nisipige."

Akauliza kama kuna jingine. Taa ilikuwa njano. Nilikuwa na nafasi ya kutosha kusema kwamba Yesenia Barraza hakujua lolote, kwamba aliniuliza na mimi nikamfumba macho. Maneno hayo ni machache. Nimeyapima tangu hapo, hayazidi pumzi mbili. Lakini nilikuwa nikimtazama daktari, jinsi wekundu ulivyokuwa ukimpanda shingoni, na nilikuwa nikiufurahia. Nikasema hakuna jingine. Taa ikawa nyekundu nikiwa nimeshainuka.

Ukumbini daktari alinisimamia karibu mpaka nikasikia harufu ya mnanaa kinywani mwake. Alisema kesho nisije, na kesho kutwa nisije, na nikionekana hata kwenye maegesho ataita polisi. Nikamwambia sawa. Ndipo tukakumbuka sote wawili, kwa pamoja, kwamba gari ni langu.

Alijaribu kwanza kuomba lifti kwa wenzake, na waliokuwa wakimpigapiga mgongo asubuhi wote walikuwa wanaelekea upande mwingine. Akamfuata Marvene, ambaye alimsikiliza mpaka mwisho, akafunga vifungo vya koti lake kimoja kimoja, akaondoka peke yake. Basi tukarudi Orlin kwa muda wa saa tatu nzima, mtu aliyenifukuza kazi akiwa kiti cha nyuma na Yesenia mbele, theluji ikija kiooni kama unga unaomwagwa. Alitamka maneno mawili tu, tulipopita mji wa York: "Washa joto." Lilikuwa limewashwa. Sikulipunguza wala sikuliongeza.

Tulimshusha yeye kwanza. Mbele ya nyumba ya Yesenia nikazima injini. Mumewe alikuwa ameacha taa ya barazani ikiwaka.

"Uliniacha nikae pale," akasema.

"Yesenia..."

"Nilikuja kwako na daftari. Nilikuuliza. Madaktari watasema daktari ni mwongo, na wasafishaji watasema nini? Kwamba yule Mmeksiko alifundishwa cha kusema." Alifungua mlango, baridi ikaingia. "Wewe huna upande, sivyo? Ndivyo ulivyowaambia."

Aliufunga mlango taratibu. Ningependa angeubamiza.

Muswada ule ulikwama kwenye kamati mwaka huo. Sijui kama ni kwa sababu yangu. Huenda ungekwama hata nisingesema. Coralie Jurgens aliniandikia kadi ya mstari mmoja. Marvene alipata kazi Kearney, na siku nilipompigia simu nikitegemea angalau asante, aliniuliza swali moja: kama nilijua habari ya wale sita tangu mwanzo, mbona nilimwacha abebe kazi ya watu watatu kwa miezi kumi na minne, mgongo ukimwuma, akiamini hakuna wa kumsaidia? Kisha akakata simu. Daktari Stuhr aliiuza kliniki kwa kampuni ya jimbo jingine akahamia Arizona. Kampuni ikawa inaleta daktari kijana kutoka Omaha siku mbili kwa wiki, na simu zinapokewa na mashine. Stuhr alilitabiri sawasawa lile. Yesenia na familia yake walivuka mpaka wa jimbo wakaenda Kansas, ambako wasaidizi walikuwa wameruhusiwa kukwangua tangu zamani. Ni mwendo wa chini ya saa moja. Upande huu wa mstari ni kosa, upande ule ni ajira.

Mimi nilipata kazi kwenye ghala la nafaka. Mwaka wa pili fizi zangu zikaanza kutoka damu. Orlin waliniambia nisubiri miezi mitano. Kearney hawapokei wagonjwa wapya. Nikapiga simu huku na huku mpaka nikapata kliniki moja ng'ambo ya mpaka, Kansas, yenye nafasi Alhamisi. Sikuuliza nani atanisafisha. Nani huuliza?

Aliingia na faili, akasoma jina, akasimama. Barakoa ilikuwa imemfunika, lakini macho yalikuwa yale yale ya Yesenia. Nilijiinua nusu kutoka kitini.

"Lala," akasema. "Fungua kinywa."

Nikafungua. Niseme kweli: sijawahi kuguswa na mkono mwepesi kama ule, na nimefanya kazi kati ya watu wa meno miaka kumi na tisa. Hakuniumiza hata mara moja, ingawa nilikuwa ninangoja aniumize, na pengine nilitaka. Alikwangua jino kwa jino, akasimama pale sheria yao inapomsimamisha, juu kidogo ya fizi, akamwita daktari wao aje atazame chini. Alipoondoa mkono nikaanza kusema niliyokuwa nimeyabeba miaka miwili: kwamba taa ilikuwa njano, kwamba ningeweza.

"Najua ungeweza," akasema. "Nilikuwa nimekaa mstari wa pili. Niliitazama ile taa kuliko ulivyoitazama wewe." Akavua glavu, moja, ya pili. "Kinywa chako nitakisafisha, ni kazi yangu. Mengine usinipe niyabebe. Kama unataka kulala usingizi, kalale kwako. Na miezi sita ijayo omba upangiwe mtu mwingine."

Dirishani alikuwepo msichana mwenye kucha ndefu za kijani. Nilimwambia nataka miadi ya miezi sita, lakini kwa msafishaji mwingine, si yule aliyenihudumia leo. Akabofya kompyuta, akabofya tena.

"Hakuna mwingine, mama," akasema. "Tumetangaza tangu mwaka juzi. Ni yeye tu."

Nilitaka kumuuliza wangapi wameomba. Ulimi ulifika kwenye meno, ukarudi. Nikamwambia aandike Alhamisi.